Nondo wa Theluji na Beseni la Maji Moto

Nakumbuka jioni ile hapa ughaibuni, Champlin, tulikuwa wanne: mimi, kitinda mimba wangu Wekesa, binti yake Nafula aliyerithi jina la marehemu dada yangu, na Mama Otieno wa ushirika wetu wa maombi. Mama huyu aliletwa na shemeji yake Ochieng', ila Ochieng' hakushuka garini.

Mwanangu, baridi ilikuwa inaelekea ukingoni, theluji ikiyeyuka na kudondoka matone kutoka paani. Nikamkuta Nafula jikoni akiponda ndizi zilizoiva hadi zikawa nyeusi. Akatia sukari, kisha akamimina bia. Bia, katika nyumba ya watu waliookoka! Nikafikiri labda ni keki ya huku. Kumbe alitoka nje na brashi ya rangi, akaanza kuupaka mti.

"Ni ya ma-moth, Kukhu," akaniambia mimi bibi yake.

"Nondo, Mama, wale vipepeo wa usiku," Wekesa akanifafanulia. "Anawaita waje."

Nondo kwenye theluji? Hata nzi hakuwepo! Mama Otieno akanivuta kando. "Mama, pombe ikipakwa mti, hiyo ni kafara. Usidanganywe."

Basi nikajaza beseni maji moto ili niuoshe ule mti. Nafula akasimama mbele ya mti, mikono ameitandaza.

"Kukhu, please. Kesho narudi college. Baridi yote nimengoja usiku moja yenye haijaganda."

Hapo nikamkumbuka Nasimiyu, mama yake baba yangu. Nilikuwa msichana mdogo, nondo akaingia ndani, nikamwinulia ufagio. Bibi akanishika mkono: "Mgeni hafukuzwi kabla hajaulizwa jina." Sikumwelewa. Nondo angejibuje? Lakini ufagio niliushusha, na jioni ile ya Champlin nikaliweka beseni chini vivyo hivyo.

Tukangoja na tochi. Maji yakapoa. Mama Otieno alikuwa akiomba chini chini. Mara akatua mmoja, rangi ya jani kavu, doa dogo jeupe kwenye kila bawa, akaanza kunywa.

"Na ni mlevi!" akasema Mama Otieno, katikati ya maombi.

Nafula akalinganisha yale madoa na picha za kwenye simu, machozi yakimlengalenga. Nikamuuliza, "Anaitwa nani?" Akataja jina refu ambalo sikulishika, mimi ninayekumbuka hata majina ya mbuzi wa baba. Nikauliza mbona hagandi. Akasema hutetemesha mwili mpaka upate joto. Kama mimi kituoni nikingoja basi.

Mpaka leo, mwanangu, sijaelewa kwa nini Mungu amtoe kiumbe wakati ule. Lakini kuuliza si ujinga. Jambo likikutatiza, usilimwagie maji moto; liulize jina kwanza, hata kama jibu litakupita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mungu akupe joto katika kila baridi, na mtu wa kukungojea na tochi.

Na kama doa halikuwa jeupe, au aliyebaki garini hakuwa Ochieng', yeyote aliyekuwepo na anisahihishe.