Jina Lililochongwa Kina cha Ukucha

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Mtaani wote walimwita Patasi, kwa sababu tangu baba yake afariki, yeye ndiye aliyeshika nyundo na patasi kwenye karakana ya mawe ya makaburi. Wateja wageni walikuwa wakifika na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye, mwanamke aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, aliwajibu, "Unamwangalia." Mikono yake ilikuwa migumu kama soli ya kiatu, na mdomo wake haukuwa laini kuliko mikono.

Alikuwa na kinyongo kimoja tu maishani, lakini kimoja hicho kilimtosha.

Kilianzia kwa bibi yake, mama wa baba. Bibi huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kubatizwa katika usharika ule, hata kabla kanisa halijaezekwa. Alijua kusoma, na kila Jumatano wanawake walijaa sebuleni kwake kufundishana herufi na kusoma Injili. Mwinjilisti wa wakati huo hakupendezwa. Darasa lake yeye lilikuwa na watu wanne, mmoja wao kiziwi; sebuleni kwa yule mama watu walikaa hadi mlangoni. Akamwambia afunge. Bibi akasema, "Mlango wangu niliufungua kwa ajili ya Kristo, siwezi kuufunga kwa ajili yako."

Wakati huo alikuwa mjane wa miezi michache na mtoto mchanga wa kiume mgongoni, aliyezaliwa baada ya mumewe kufa. Mwinjilisti hakuhitaji zaidi ya hapo. Maneno yakatembea mtaani kwamba yule mtoto si wa marehemu. Jumapili iliyofuata bibi akatangazwa kutengwa na Meza ya Bwana, ule mkate na divai ya ushirika, yeye na mwanawe, majina yao yakaondolewa kwenye kitabu cha ubatizo cha usharika.

Mtu mwingine angehama, au angehamia dini nyingine kwa hasira. Yeye aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Patasi alimkumbuka vizuri, maana miaka ya mwisho ndiye aliyemshika mkono kumpeleka. Alikuwa na miaka saba. Aliona sinia la mkate likipita benchi hadi benchi, likifika benchi la mbele yao, kisha likigeuzwa. Bibi alikuwa akiinamisha kichwa na kuimba. Mtoto ndiye aliyekuwa akilitazama sinia likirudi.

Baba yake naye akakua, akawa fundi mawe, akachonga misalaba ya nusu ya watu waliolala makaburini pale. Alipofariki, familia ikaomba azikwe ndani ya uzio wa kanisa. Mzee wa kanisa aliyeshughulikia maziko alikuwa mjukuu wa yule mwinjilisti, mwanamume nadhifu wa suti ya kijivu, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa baraza.

"Kitabu hakimtambui," alisema. "Hakuna ubatizo wake. Si mimi, ni kitabu."

Wakamzika nje ya uzio, hatua tatu kutoka kwenye nguzo, upande wa magugu. Siku hiyo Patasi hakulia. Shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu, alimshika bega na kumwambia, "Mama alisamehe kabla hajafa. Na wewe samehe."

"Alisamehe yeye, Shangazi. Mimi hakuniachia huo msamaha kwenye wosia."

Ikapita miaka kumi na miwili. Kanisa likawa linatimiza miaka themanini, na asubuhi moja Mwenyekiti akaingia karakanani, anakanyaga vipande vya mawe kwa tahadhari ili asichafue viatu. Alikuwa na karatasi mkononi. Walitaka jiwe kubwa la kuwekwa ukutani nje, karibu na mlango mkuu, lenye majina saba ya waanzilishi wa imani. La kwanza, kwa herufi kubwa kuliko yote, lilikuwa jina la babu yake.

Patasi alisoma orodha mara mbili.

"Bibi yangu hayumo."

"Tulifuata kitabu, dada yangu."

"Na hicho kitabu kiko wapi nikione?"

"Kimehifadhiwa nyumbani kwetu kwa usalama. Kimechakaa sana, hakishikiki." Akatabasamu. "Najua ni jambo gumu kwako. Kama hutaki kazi, tutatafuta fundi mwingine, hakuna ubaya."

"Nani kasema sitaki?" Patasi alisema. "Acha hiyo karatasi."

Alipobaki peke yake alichagua jiwe laini la kijivu, zuri kwa macho, lisilostahimili mvua. Majina sita aliyachonga kama alivyofundishwa na baba yake, herufi zimezama sawasawa, kingo zimesimama. Alipofika kwenye jina la mwinjilisti alibadili mkono. Alilikwangua tu kina cha ukucha, herufi nzuri ajabu, zenye mikunjo na mapambo, kisha akazijaza rangi nyeusi nzito mpaka hata fundi mwenzake asingejua tofauti bila kupitisha kidole. Alifanya kazi hiyo kwa siku mbili akipiga mluzi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kulisikia kwake.

Siku ya kuzindua, Mwenyekiti alivuta kitambaa, watu wakapiga vigelegele. "Fundi umejitahidi!" alimwambia mbele ya watu. "Hilo la babu limependeza kuliko yote."

"Nililipatia uangalifu wa pekee," Patasi alijibu.

Ukuta ule ulitazama upande mvua inakotokea. Mwaka wa kwanza rangi ilipauka. Mwaka wa tatu ikaanza kubanduka. Kila baada ya mvua kubwa Patasi alitafuta sababu ya kupita kanisani, akasimama mbele ya jiwe kama mtu anayesali, na kuhesabu herufi zilizobaki. Furaha yake ilikuwa ya siri na ilikuwa tamu. Mwaka wa sita majina sita yalisomeka kutoka barabarani, na juu yao palikuwa na nafasi tupu yenye madoa, kama kidonda kilichopona vibaya.

Mwenyekiti akaja karakanani. Safari hii hakuangalia viatu.

"Jina la babu limefutika. Lote! Watoto wa shule ya Jumapili wanauliza huyo wa kwanza ni nani. Mtu alitoa maisha yake kwa kanisa hili, halafu afutwe namna hii, kama hakuwahi kuwepo? Hivi unajua inavyouma?"

Mkuki kwa nguruwe, Patasi alijisemea moyoni. Kwa sauti akasema, "Pole. Mvua haina adabu. Niletee tahajia kamili niichonge upya. Wengine husema jina lake lilikuwa na herufi moja zaidi."

Hapo ndipo mambo yalipochukua njia ambayo hata yeye hakuipanga. Kulikuwa na mchungaji mpya, mwanamke kijana, mkimya, anayependa mambo yake yaandikwe. Aliposikia ubishi wa tahajia akasema suluhisho ni kitabu cha zamani. Mwenyekiti akaahidi kukileta, akaahidi tena, kisha akasafiri. Mchungaji akaenda mwenyewe nyumbani kwake. Mke wa Mwenyekiti, mama mkarimu asiyejua lolote, akafungua sanduku, akakipangusa kwa kanga na kumkabidhi.

Siku ya pili yake mchungaji aliingia karakanani na kitabu kimefungwa kwenye mfuko. Akakifungua juu ya meza ya kazi, akaonyesha ukurasa kwa kidole.

Jina la bibi lilikuwa pale. Chini yake, ubatizo wa baba: tarehe, jina la mama, jina la marehemu mumewe kama baba wa mtoto, bila shaka yoyote. Mistari yote miwili ilikuwa imekatwa kwa wino, na pembeni, kwa mwandiko wa mwinjilisti mwenyewe: *Nimemfuta pamoja na mwanawe kwa kukataa kufunga mlango wake.* Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu mtoto wa haramu. Kashfa ile aliisambaza kwa mdomo. Kitabuni aliogopa kuiandika.

Patasi alikaa juu ya jiwe lililo karibu. Miaka kumi na minane walikuwa wameambiwa kitabu hakimtambui, na kitabu kilikuwa kinamtambua muda wote.

"Nitaliweka mbele ya baraza," mchungaji alisema taratibu. "Tutalirekebisha kimyakimya, kwa amani."

"Hapana, Mchungaji. Bibi yangu hakutengwa kimyakimya." Sauti yake ilikuwa na makali. "Mwenyekiti ausome huo ukurasa mwenyewe, mimbarini, Jumapili. Na baba yangu asihamishwe hata hatua moja. Uzio ndio umfuate alipo. Asipokubali, jiwe lenu litabaki na kipara."

Mchungaji akafunga kitabu. "Asipousoma yeye, nitausoma mimi," alisema.

Mwenyekiti alirudi safarini na kufika jioni ileile, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Ulikuwa unajua?" Patasi akamuuliza.

"Baba alinionyesha nikiwa kijana. Aliniambia mambo ya wazee tuyaache na wazee."

"Na ulipomzika baba yangu kwenye magugu, ulikuwa unayaacha na wazee?"

"Nitausoma Jumapili," akasema.

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari kama hizo hazihitaji tangazo. Patasi alimshika mkono shangazi yake, wakapita katikati hadi benchi la mbele kabisa. Mwenyekiti akapanda mimbarini na kitabu mikononi. Akasoma haraka, ameinama, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Hatujasikia huku," Patasi alisema kwa sauti kutoka benchini. "Rudia."

Shangazi akamfinya paja. Hakujali. Mwenyekiti akarudia, polepole, kila neno, hadi kwenye mlango uliokataa kufungwa. Safari ya pili sauti ilimkatika, na mkewe pale kwenye kwaya akafunika uso. Patasi alimtazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Baadaye watu walimuuliza kama alimwonea huruma. Alisema ukweli: hapana. Huruma yake ilimwendea yule mke, na hiyo ilimharibia utamu kidogo.

Wiki ileile alichonga jina la bibi yake kwenye jiwe lile, la kwanza, juu ya ile nafasi yenye madoa, kwa kina cha kifundo cha kidole. Mwenyekiti alikuja kuangalia. Akapitisha kidole kwenye madoa ya jina la babu yake, akagundua.

"Hili ulilichonga juujuu makusudi."

"Makusudi kabisa."

"Basi utaliacha hivyo."

"Nilikuwa na wazo hilo, nikaliacha," Patasi akasema, akichukua nyundo. "Ukifutika hakuna atakayekuuliza ulifanya nini. Nataka asomeke vizuri. Nataka kila mtoto asome jina la bibi, asome la babu yako, halafu aulize maswali nyumbani." Na akalichonga, kina kilekile cha jina la bibi, herufi za aina ileile, bila mapambo.

Uzio ulisogezwa kabla ya mwezi kwisha. Vijana wa kwaya walichimba mashimo, na Mwenyekiti, ambaye hakuna aliyemwomba, alivua koti akabeba nguzo mbili. Shangazi alimpelekea maji ya kunywa na kumwita "mwanangu". Patasi aliona, akageuza uso.

Siku hizi anashiriki Meza ya Bwana kama watu wengine, na ni mmoja wa waliochaguliwa kutunza kitabu. Lakini shangazi yake bado analalamika. Katika Sala ya Bwana, usharika wote ukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Patasi hufunga mdomo, anasubiri wenzake wapite, kisha anaungana nao mbele. Shangazi humpiga kiwiko kila Jumapili.

"Unamdanganya nani, wewe?"

"Simdanganyi mtu, Shangazi. Ndiyo maana nanyamaza."