Chatu Hali Panya wa Mtaani

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili aliachiwa chatu na binti yake wa pekee, aliyehamia mbali kikazi. Chatu mwenyewe mdogo, akijikunja anaenea kwenye sufuria, lakini alitosha kuwafukuza wageni wote. Wateja walikabidhi vitambaa mlangoni, mikono mbele, miguu imeshageukia ngazi. Kumwogopa nyoka sishangai. Nashangaa kumwogopa hata mwenye nyoka. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno.

Binti alipiga simu kila Jumapili. "Mama, amekula?" Ndiyo salamu yenyewe. Fundi alijua fika kwamba chatu akifa, simu nazo basi. Ndiyo maana alishika masharti: panya mweupe wa kufugwa tu, asiyezidi unene wa nyoka, atolewe kwenye friji na kuyeyushwa kwa maji ya vuguvugu. Wa mtaani hapana, hujui ameramba sumu ya nani.

Safari hii panya wa friji waliisha, na mfugaji wao alikuwa amesafiri. Jumamosi mlango ukabishwa. Alikuwa muuza nafaka wa duka la chini, ambaye hajawahi kupanda ngazi zile, ameshika panya mnene kwa mkia.

"Nimemkuta kwenye magunia, jirani. Nikasema hii riziki ya nyoka wako."

"Karibu, karibu ndani! Kaa."

Fundi alimmiminia chai kabla hata hajamtazama panya. Kisha akamgeuza panya huku na huku. Hakuwa na jeraha hata moja.

"Umemnasa kwa mtego?"

"Mtego wa nini? Nilimwaga sumu tu, ikamlaza."

Fundi alitamani kunyamaza. Mgeni ndiyo kwanza amekaa, chai inafuka.

"Samahani, jirani. Huyu atamuua chatu."

"Kumbe nyoka naye anachagua!" Muuza nafaka alicheka peke yake, kisha akanuna, akaondoka na panya wake. Chai aliiacha.

Kesho yake binti akapiga.

"Mama, nimepata mtu anayefuga nyoka. Atakuja kumchukua jioni, upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mama, jamani! Haya, amekula?"

Fundi alimtazama chatu, tumbo limebonyea kwa njaa. Binti huyohuyo ndiye aliyemfundisha kwamba nyoka aliyetoka kula habebwi, atatapika.

"Amekula sasa hivi," alisema.

"Aa, basi leo habebeki. Nitakupigia Jumapili ijayo, tuone."