Damu Iliyotoka Mwandoya

Miaka ile chama cha ushirika kilipokuwa kinakata roho na wanunuzi binafsi wa pamba wakitundika mizani kila kona ya Bariadi, walikuja pia wanunuzi wa damu. Niliajiriwa na mmoja wao. Nilikuwa na shahada ya baiolojia na Kisukuma cha nyumbani, na kwa sifa hizo mbili daktari mmoja mtafiti alinichukua katika mradi wake wa saratani za kurithi.

Mkubwa wangu huyo alikuwa mjamaa mpaka siku ujamaa ulipoacha kulipa. Soko huria lilipoingia alivua suti ya Kaunda, akafunga tai, akaanza kutamka neno "wafadhili" kwa sauti ambayo mama yangu aliitumia kanisani tu. Sayansi alikuwa ameisoma. Sikumwona akiifanya.

Katika kijiji cha Mwandoya tulipata familia aliyokuwa akiiota. Baba alikuwa na jicho moja; la pili lilitolewa hospitali ya misheni akiwa mtoto. Watoto wake wawili walikwisha kufa kwa uvimbe wa jicho. Wa tatu, binti anayejifunza kusema, mboni yake ilitoa weupe kama jicho la paka lililomulikwa. Majirani walisema mizimu ya ukoo inadai ng'ombe. Mkubwa wangu aliwacheka mpaka akatoa leso. Kisha akaamuru damu ya baba na ya binti itolewe, akampiga mtoto picha, akasema tuondoke.

Nilimwomba tumchukue binti kwenye gari letu tumfikishe hospitali kubwa. Akajibu kwamba mradi ni wa utafiti, si wa tiba, na siku hizi kila mgonjwa anachangia gharama. Mama wa mtoto, ambaye Kiswahili kilimpa shida, aliniuliza amesema nini. Nilimweleza yote bila kupunguza, nikamsihi wauze ng'ombe waende. Waliuza. Lakini uvimbe ulikuwa umeshafika kichwani, na binti alizikwa kabla pamba haijavunwa.

Damu yake ilisafiri vizuri zaidi, ndani ya barafu, kwa ndege, hadi maabara moja ya Ulaya. Baadaye nilipata nafasi ya kusoma huko huko, nikakabidhiwa sampuli hizo. Nilisoma vinasaba vyake herufi kwa herufi mpaka nikapata kasoro: jeni moja, imeharibika mahali palepale kwa baba na kwa binti. Nilimpigia simu mkubwa wangu. Nikamwambia familia ijulishwe, maana mtoto atakayezaliwa akipimwa mapema anaweza kupona.

"Mtu wa Mwandoya umpe jeni," alisema, "akalimie?"

Mwaka uleule alihutubia wanasayansi katika hoteli ya Arusha, picha ya binti ukutani, kubwa kama mlango, naye akipigiwa makofi. Jina langu liliwekwa kwenye shukrani, tena limekosewa.

Nilipopata likizo nilidandia lori la pamba nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mama anachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, mtoto mchanga wa kiume mgongoni.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Kuchukua mlikuja upesi," alisema. "Kurudisha ndiyo njia ikawa ndefu?"

Nilikaa chini nikamweleza kwamba ugonjwa umo katika damu ya mumewe tangu tumboni, kwamba si mizimu wala uchawi, na hakuna aliyekosa. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na pamba. Kisha mikono ikasimama.

"Na huyu?" aliuliza.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho Mwanza. Jicho la kushoto lilikuwa na uvimbe mdogo, likatolewa. La kulia lilikuwa safi, nasi tuliendelea kulipima mpaka alipoanza shule. Ripoti ya mradi ilimtaja kama mafanikio ya mkubwa wangu, aliyepandishwa cheo na kununua suti nyingine. Mimi niliacha kazi yake nikafungua kliniki ya magonjwa ya kurithi, chumba kimoja, kiti kibovu.

Yule mtoto sasa ana duka la vipuri vya baiskeli Bariadi. Mkewe alipojifungua alinipigia simu kabla hajawapigia wakwe. Nilimpima mtoto wao wiki ileile. Macho yote mawili yalikuwa safi, na damu yake haikuwa na ile kasoro.