Kofia Niliyoivua Kasigau

Nayakiri haya kabla Wakesho, mchumba wangu, hajayasimulia yeye. Nilikwenda kwao Kasigau kumwomba baba yake aniruhusu nilete wazee kumposa. Mzee alifika kutoka Voi na pikapu yake kuukuu, akasimama uani, vumbi jekundu likitua taratibu juu ya boneti. Hakushuka. Aliinamisha kichwa huku injini ikinguruma polepole. Nikajua anamshukuru Mungu kwa safari. Nami nikavua kofia, nikafumba macho.

Mezani akaniuliza, "Nataka pikapu ya pili. Wewe msomi waonaje, yenye turbo au isiyo nayo?"

Mimi, ambaye hata baiskeli hunishinda, nikapata ufasaha wa ghafla. "Turbo huungua mapema, baba. Injini ya kawaida, kama hii yako, ndiyo hudumu."

"Yangu ina turbo. Mwaka wa kumi na nne huu."

"Na haijaharibika?"

"Kila nikifika naiacha ingurume kwanza, turbo ipoe, ndipo nizime. Si uliniona pale uani?"

Wakesho aliziba mdomo kwa kanga.

"Nami nilikuona kwenye kioo," akasema Mzee. "Sasa kijana, ile kofia uliivulia turbo?"