Kompyuta ya Kujifanya

Juzi nilipeleka kompyuta yangu kutengenezwa katikati ya jiji. Kwenye kaunta moja nami, jamaa aliyevaa tai alikuwa akichukua mashine aliyoundiwa kwa vipuri vya kuungaunga. Aliitaka iendeshe mfumo ambao kampuni iliyouunda inauruhusu kwenye kompyuta zao tu, zile za bei mbaya.

"Imekubali aje?" akauliza.

"Tumeifunza kudanganya, boss," fundi akasema, akiipangusa kwa mkono wa shati. "Mfumo ukiuliza, inasema ni original. Lakini usiguse update. Ukigusa tu, itajulikana na itazima."

Jamaa akacheka. "Kumbe mashine inaweza kuwa muongo hivi?"

Mwenye bodaboda akaingia kubeba mzigo. "Napeleka wapi?"

"Lavington," jamaa akajibu, akiutaja mtaa huo wa matajiri kwa sauti ya kutosha duka zima.

"Lavington gani, mkubwa?"

Jamaa akamwinamia sikioni, lakini nilisikia. "Ukifika soko ya Kangemi, nipigie."

Kangemi ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, jirani tu na Lavington. Nikacheka kimoyomoyo. Mashine ilikuwa imepata mwenyewe wa kufanana nayo.

Fundi akanigeukia. "Na yako, mzee, ikipona tukuletee wapi?"

Mimi naishi Kabiria, mtaa wa hali ya chini kama Kangemi. Duka zima lilikuwa likinitazama.

"Karibu na Lavington," nikasema.