Msuli wa Nyuma ya Mkono

Msinisifie Majaliwa mbele yangu. Najua ni kaka wa mume wangu, najua kila asubuhi anavuka bonde kuja kumbeba mdogo wake, na najua Kitahana nzima inasema ndugu wa namna hiyo hawapatikani siku hizi. Semeni huko huko kwenu.

Mume wangu Longinus alikuwa fundi wa kuezeka. Mwaka juzi aliteleza juu ya paa la ghala la maharage, akaangukia mgongo, na tangu siku ile miguu haina habari naye. Akawa mtu wa kubebwa. Abebwe kutoka kitandani, abebwe kuwekwa kwenye kiti cha magurudumu, abebwe kwenda chooni. Hapo chooni ndipo palipomuumiza roho. Mwanaume mzima anasubiri kaka yake amalize uji ndipo akajisaidie.

Akatujia Mwanahawa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kibondo na serikali. Huyo hakutupa pole hata moja. Alimshika Longinus nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, akasema msuli huu ukipata nguvu utajisukuma mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Alisema wanaume wanahangaika na uvimbe wa mbele, ule wa kuonyesha watu, wakati kazi ya kusukuma ni ya huu wa nyuma. Akajaza mchanga kwenye kidumu cha lita tatu, akamwonyesha: kishike kwa mikono miwili juu ya kichwa, viwiko vitazame mbele na vikae karibu na masikio, kishushe taratibu nyuma ya kisogo, kisha nyoosha mikono bila kurusha. Viwiko vikianza kutanuka, ujue uzito umekushinda, punguza mchanga. Vikiuma, acha kabisa.

Msimamizi nilikuwa mimi. Nilikaa nyuma yake nikivibana viwiko kwa viganja vyangu, na akiharakisha namgombeza. Alininunia masika yote. Kiangazi kilipoingia, siku moja natoka kuchota maji, namkuta kwenye kiti. Peke yake, jamani. Jasho linamtiririka na anacheka kama mwendawazimu. Nililia mpaka ndoo ikamwagika.

Majaliwa alipokuja kumbeba akakuta mtu ameshaketi. Angefurahi, sivyo? Akanuna. Akasema majirani watadhani amemtupa mdogo wake. Kisha akakinyanyua kile kidumu kwa kidole kimoja, akacheka, eti hicho ni cha kuchezea watoto.

Juma lile nilikwenda Kasulu msibani. Nilipogeuza mgongo tu, Majaliwa akaleta jiwe zima la kusagia, akampachikia mdogo wake mikononi, majirani wamekaa wanatazama. Akamhimiza haraka haraka, sukuma, sukuma, usiwe mwanamke. Longinus ameniambia viwiko vilitanuka tangu mara ya kwanza, na maumivu aliyasikia. Nikamuuliza kwa nini hakuacha. Akasema walikuwa wanamtazama.

Kano ya kiwiko cha kulia ikakatika. Mwanahawa aliushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua, akasema kujisukuma kwenda kwenye kiti ndiyo basi. Mkono mmoja hauwezi.

"Nilitaka kumtia nguvu tu, shemeji," Majaliwa aliniambia, na macho yalikuwa mekundu. Hakuwa anadanganya. Ndiyo maana namchukia zaidi, kwa sababu hata kumtukana sina pa kuanzia.

Sasa anambeba tena, na amerudi kuwa mtu wa kusifiwa. Wiki iliyopita anamtoa chooni, mama mmoja jirani akasema kwa sauti kwamba Longinus amshukuru Mungu kwa kumpa kaka. Longinus, kichwa begani kwa Majaliwa, akasema asante kaka. Jioni nikimlisha akanishika mkono.

"Generosa, kesho akibisha mwambie nimelala."

"Na haja je?"

"Mwambie nimelala."

Asubuhi Majaliwa alibisha, nikamwambia amelala. Akasema hana haraka, akakaa pale mlangoni mpaka jua likapanda. Ndani mume wangu alikuwa macho, amelowa, ameuma shuka ili sauti isitoke.