Majivu ya Melkiori

Mnaning'ang'aniza niandike habari za Melkiori, kana kwamba mkono wangu ni wa karani. Niliishia darasa la pili. Lakini mkimwachia mwingine ataongeza chumvi, basi nyamazeni.

Melkiori ni fundi wa Ihanja. Nyumba haichori kwenye karatasi. Huchukua majivu, akamwaga mistari kwenye kiwanja chenyewe, kisha humwambia mwenye nyumba, "Haya, ingia. Lala pale kitandani." Mama akikosa pa kugeukia na sufuria, majivu yanafagiliwa, ukuta unasogezwa. Watu wakamwita msanifu, naye akaliandika jina hilo kwenye kibao mlangoni. Miaka ishirini kibao kile kilimfanya atembee kifua mbele.

Ndipo kanisa likataka ukumbi, na halmashauri ikataka ramani yenye mhuri. Melkiori akachora, akamwendea katekista, akagongewa mhuri wa kigango. Mhuri si mhuri?

Ramani ikarudishwa. Kanisa likamleta Editha kutoka Singida mjini, msanifu aliyesajiliwa na bodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Kwa mhuri wa vyeti vya ubatizo?" Editha akacheka, kisha akaacha. "Lakini kibao kishushe, baba. Sheria inasema asiyesajiliwa asijiite msanifu. Ukumbi ukiwaangukia wanakwaya, nani ataulizwa? Katekista?"

Melkiori alijiona amevuliwa nguo mbele za watu. Akachukua ramani ya Editha, akaitazama weee, akaenda kuleta majivu. Akaichora yote kwa majivu pale kiwanjani, ukuta kwa ukuta.

"Ingia, mwanangu."

Editha akasimama mlangoni. Upepo wa mashariki, huu wetu usio na adabu, ukampeperushia majivu usoni.

"Mwezi wa nane ni vumbi hilo," Melkiori akasema. "Wataimba au watakohoa?"

Editha akapangusa macho, akatoa penseli, akauhamishia mlango kusini. Kisha akagonga mhuri wake. "Atakayejenga ni wewe, baba. Simwamini mwingine."

Siku hiyo hiyo Melkiori alikwangua kibao kwa panga, akaandika upya: FUNDI.

Ukumbi umesimama. Nanyi mlionisumbua, siandiki bure: piteni Ihanja, simameni mbele ya kibao kile, mmwamkie shikamoo fundi, kwa sauti, majirani wasikie. Nami nitauliza kama mlipita.